Kuuza leso (kanga) mtandaoni kutoka Mombasa kwa mtaji wa shilingi 5,000

Shilingi 5,000 haijazi rafu. Ukiingia nayo Mtaa wa Biashara, kwenye maduka ya leso ya Mombasa, ukaamua kununua stoki, utatoka na jozi saba au nane, nusu yake ni rangi ulizozipenda wewe, na mwezi utaisha zikiwa zimekunjwa uvunguni. Pesa hiyo inatosha kazi nyingine: kuwa jicho na mkono wa mteja aliye Nakuru, Eldoret au Kitengela, asiyeweza kufika dukani, asiyejua leso ipi ni pamba safi, na ambaye mara nyingi hajui hata jina la leso, yale maneno yaliyochapwa juu yake, linasema nini. Mzigo ubaki kwa mwenye duka. Wewe ununue oda ikishaingia.

Mwongozo huu ni wa leso, ila anayetaka kuuza vikoi, mikeka au kofia za kushona kwa mkono anaweza kufuata njia ile ile. Achari, mabuyu na kashata ziache kwanza. Chakula cha kufungwa kina masharti yake ya afya na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na 5,000 haifiki huko.

Mgawanyo wa pesa

Bei zilizomo humu ni za kufanyia hesabu. Ulizia za siku yako kisha ubadilishe.

Laini mpya ya simu: 100
Bando la mwezi: 700
Jozi mbili za sampuli: 1,200
Kupinda sampuli: 100
Karatasi za kaki, selotepu, kalamu ya wino mzito, uzi wa katani: 400
Nauli za mwanzo: 500
Akiba ya kununulia oda: 2,000

Hiyo 2,000 ya mwisho haiguswi kwa nauli wala bando. Kazi yake ni mbili tu: kujazia bei ya leso pale rubuni (malipo ya mwanzo) ya mteja haitoshi, na kumrudishia mteja pesa mambo yakienda mrama. Wengi hufunga biashara wiki ya tatu si kwa kukosa wateja, bali kwa sababu akiba imeliwa na mteja mmoja anadai chake.

Jua leso kabla ya kuiuza

Nunua jozi mbili za sampuli, moja ya bei ya juu na moja ya bei ya chini, uzichokonoe. Leso mpya huwa ngumu kwa dondo, yaani wanga wa kukazia nguo, na dondo huficha mengi. Fikicha kona kati ya vidole. Ikimwaga unga mweupe na kitambaa kikalegea, hicho ni chepesi kilichonenepeshwa kwa dondo. Iinue usawa wa mwanga: ukiona sura ya mtu aliye upande wa pili, mteja ataiona vilevile akishaifua. Chomoa uzi mmoja ukingoni uuchome. Pamba huungua ikanuka kama karatasi na kuacha jivu laini. Uzi wa plastiki huyeyuka ukaganda kama ushanga mweusi.

Halafu zifue. Loweka kila moja peke yake kwenye maji baridi yenye kiganja cha chumvi, nusu saa, uone inachuja rangi kiasi gani. Kuchuja kidogo mara ya kwanza ni kawaida, hasa nyekundu na nyeusi. Ikichuja hadi mara ya tatu, hiyo usiiuze, au iuze ukisema wazi. Piga picha kabla na baada ya kufua. Hizo picha mbili zitakuuzia kuliko maneno yoyote utakayoandika.

Pima pia. Upande mmoja wa leso, yaani nusu ya jozi, huwa kama sentimita 150 kwa 110. Zipo zilizopunjwa urefu, na mwanamke mwenye mwili akijifunga haimzunguki. Beba futi ya fundi mkobani, usikadirie kwa macho.

Kwenye ukingo wa leso nyingi utakuta alama ya mwenye toleo. Inayojulikana zaidi Pwani ni K.H.E., Mali ya Abdulla, ya Kaderdina Hajee Essak wa Mtaa wa Biashara. Mteja anayeijua ataiulizia kwa jina. Usimuuzie nyingine ukamwambia ndiyo hiyo hiyo.

Jina la leso

Hapa ndipo aliyezaliwa Mombasa anapompita muuzaji wa Nairobi mwenye kamera nzuri. Leso ina pindo (ukingo wa kuizunguka), mji (sehemu ya kati) na jina, na jina ndilo linalompendeza mtu au kumgombanisha na watu. Mteja wa bara huchagua kwa rangi. Amependa nyekundu yenye maua ya mkorosho, anataka kumpelekea mama mkwe siku ya posa, na jina lake ni "Hasidi hana sababu". Ukimtumia ukanyamaza kwa kuwa pesa imeingia, umemuuzia ugomvi, na huyo mteja harudi.

Kwa hiyo kila picha iandikie jina lote, herufi kwa herufi, kisha maana yake kwa Kiswahili chepesi au kwa lugha anayoielewa mteja, kisha inamfaa nani. Zigawe kwa mafungu. Za mama na mzazi, mfano "Nani kama mama". Za harusi na shangwe. Za dua na shukrani. Za kujipa moyo, mfano "Japo sipati tamaa sikati". Na za vijembe, mfano "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake". Za vijembe zina soko lake zuri tu, ila anunue anayejua anachonunua.

Swali la kwanza kwa kila mteja, kabla ya rangi na kabla ya bei, ni hili: "Ni yako mwenyewe au ya zawadi?" Akisema ya zawadi, muulize ya nani.

Maduka mawili yatosha

Usizunguke maduka kumi. Chagua mawili, uende asubuhi kabla hakujajaa, ununue sampuli zako pale pale, halafu ndipo uombe. Muulize mwenye duka mambo manne. Naruhusiwa kupiga picha? Bei ya jozi moja ni ngapi, na ya jozi kumi? Ukiniwekea jozi nikilipa jioni, unakubali? Na ikitoka na kasoro ya chapa, unabadilisha? Ukisikia neno korija, ni ishirini. Ila hakikisha anamaanisha vipande ishirini au jozi ishirini, maana tofauti yake ni mara mbili.

Matoleo hubadilika upesi. Leso uliyoipiga picha Jumatatu huenda Alhamisi imekwisha, na haitarudi. Kila picha iandikie tarehe, na ikipita siku tano iondoe au uulizie upya dukani. Mteja aliyeambiwa mara mbili "pole, imeisha" haulizi mara ya tatu.

Panga ratiba yako kwa saa za mji. Ijumaa mchana maduka mengi hufunga kwa sala. Ramadhani, karibu na Idd, mafundi wamezidiwa na madera. Kupinda kulikochukua dakika kumi kunachukua siku. Anayetoka Likoni kwa miguu anavuka feri bila nauli, ila ahesabu muda wa foleni.

Picha

Simu yoyote yenye kamera safi inafaa. Futa kioo cha kamera kwa ncha ya shati. Picha nyingi zenye ukungu ni mafuta ya vidole tu. Piga saa mbili hadi saa nne asubuhi, kivulini, barazani au karibu na dirisha. Jua la saa sita la Mombasa hulifanya jekundu kuwa la machungwa, na taa ya ndani ya manjano hugeuza nyeupe kuwa maziwa ya chai. Tundika leso kwa vibanio kwenye kamba, nyuma yake pawe na ukuta wa chokaa usio na nakshi.

Picha nne kwa kila toleo: jozi nzima, pindo kwa karibu, jina likisomeka lote, na kitambaa kwa karibu kabisa hadi nyuzi zionekane. Usitie vichujio vya rangi. Malalamiko mengi ya wateja wa mtandaoni ni mamoja: "rangi si ile niliyoiona". Ongeza video ya sekunde kumi na tano ukiikunjua na kuipepea, sauti yako ikisoma jina. Lafudhi ya Mombasa ikisoma leso ni tangazo tosha.

Simu, duka na pochi

Weka WhatsApp Business kwenye laini mpya, si ile ya nyumbani. Programu ni ya bure. Jaza jina la biashara, saa za kazi na mahali, kisha weka katalogi: picha, jina la leso, maana, vipimo na bei. Andika bei. Ule mtindo wa "bei njoo faragha" unakuchosha wewe mwenyewe, kwani utajibu watu hamsini na arobaini na tano watanyamaza wakishaisikia.

Andaa majibu ya haraka matatu: namna ya kuagiza, namna ya kulipa, namna ya kupokea mzigo. Tumia lebo kutenga "ameuliza", "ametoa rubuni", "imetumwa", "imefika". Orodha ya matangazo inabeba hadi watu 256, lakini ujumbe humfikia tu aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo kila anayenunua mwombe aihifadhi. Usiwaburute watu kwenye kikundi bila kuwauliza. Wakiripoti namba yako inaweza kufungiwa, na katalogi yako ikaenda nayo.

Kwa malipo, piga *334# ufungue Pochi la Biashara, huduma ya M-Pesa ya wafanyabiashara wadogo, kwenye laini hiyo hiyo. Faida yake ni kwamba pesa ya biashara haichanganyiki na ya unga. Lipa duka moja kwa moja kwa namba yake ya till. Kila ukitoa taslimu kwa wakala unakatwa, na makato hayo hula faida ya jozi nzima bila wewe kuona.

Hesabu ya bei

Tuseme jozi ni 600, kupinda 50, kaki na selotepu 30, bando 30 kwa kila oda, na nauli ya kwenda dukani na ofisi ya basi 100. Jumla 810. Ukiuza 1,000 na mteja akalipia basi mwenyewe, umebaki na 190. Sasa kusanya oda tatu uzipeleke safari moja: nauli inakuwa 33 kwa kila mzigo, gharama inashuka hadi 743, unabaki na 257. Kwa hiyo tangaza siku mbili za kutuma kwa wiki, mathalani Jumanne na Alhamisi, uzishike. Anayekimbia mjini kwa kila jozi anamfanyia kazi mwenye tuktuk.

Usishindane kwa bei na muuzaji wa soko la Kongowea. Mteja wake amesimama mbele yake, anaipapasa leso. Wako analipia kutodanganywa.

Oda, hatua kwa hatua

Mpangilio huu usiuvunje hata kwa ndugu.

1. Mteja anachagua. Unapiga simu dukani kuthibitisha ipo, unaomba iwekwe.
2. Unaandika oda kwa maneno: jina la leso, rangi, idadi, bei, gharama ya basi, siku ya kutuma.
3. Anatuma rubuni. Nusu ya bei inafaa. Wa Mombasa mwenyewe, wa Nyali au Mikindani, anaweza kulipa akipokea, ila boda alipie mwanzo.
4. Unafungua Pochi na kuangalia salio. Ujumbe aliokupelekea yeye si ushahidi. Meseji za M-Pesa za kughushi ni nyingi na zimeandikwa vizuri kuliko za kweli.
5. Unafika dukani, unapiga video ya jozi yenyewe kabla haijakatwa, pande zote mbili, unamtumia.
6. Akiandika "ndiyo" ndipo unalipa na kumpa fundi.

Hatua ya tano ndiyo mlinzi wako. Jozi huuzwa ikiwa kitambaa kimoja. Fundi huikata kati na kupinda ncha. Ikishakatwa duka halirudishi, hata kama mteja ameghairi, hata kama jina limechapwa kombo. Dakika mbili za video zinaokoa 600. Mwambie fundi aanze na kona ya jina, maana akipinda upana mkubwa herufi za mwisho humezwa na upindo.

Mtu akikuambia "nimetuma zaidi kimakosa, nirudishie kwa namba hii", usitume chochote. Hakikisha kwanza kama iliingia. Kama iliingia kweli, mwambie apeleke ujumbe wake wa M-Pesa kwa 456 aombe irudishwe kwa njia hiyo. Mwenye haki hatagombana.

Kufunga na kutuma

Tangu Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya, kwa hiyo usifunge kwa karatasi ya nailoni. Kunja leso upana wa viganja viwili, jina likiwa juu ili aone kwanza alichokiagiza. Funga kaki mara mbili, selotepu kwenye kila mshono, kisha uzi wa katani msalaba. Wakati wa mvua za masika tia kwenye boksi la viatu. Maduka ya viatu huyatoa bure ukiomba kwa adabu. Jozi mara nyingi haifiki nusu kilo, na ofisi nyingi za basi hutoza kifurushi kidogo bei moja, kwa hiyo anayeagiza jozi tatu mwambie nauli ni ile ile. Hapo ndipo mteja wa jozi moja hugeuka wa tatu.

Ofisi nyingi za mabasi ya bara ziko Mwembe Tayari na barabara zinazoizunguka. Peleka mzigo kabla ya saa kumi jioni, upande basi la usiku. Juu ya mzigo andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho cha mpokeaji. Kosa hili ni la kila wiki: mteja amejiita Mama Brayo, umeandika Mama Brayo, na ofisi inakataa kumpa kwa kuwa kitambulisho kinasema jina jingine. Piga picha ya risiti, umtumie pamoja na mtaa ilipo ofisi ya upande wake na saa za kufungua. Usimwahidi "kesho asubuhi". Lori moja likilala barabara kuu ya Nairobi, basi linafika mchana. Sema "kesho kufikia jioni". Ukifika mapema atakusifu.

Salio ailipe ukishamtumia picha ya risiti, kabla hajaenda kuchukua. Akikawia, mwambie kwa heshima: "Dada, mzigo uko Nakuru salama, zimebaki 500 ili nikupe namba ya kuchukulia." Sauti ya ukali haikusanyi deni.

Wateja watoke wapi

Anza na waliomo simuni mwako. Tuma ujumbe wa mmoja mmoja, wa jina lake, kwa watu thelathini walio bara: umeanza kazi hii, picha mbili hizi, akijua anayetaka akuelekeze. Kisha Status ya WhatsApp kila siku asubuhi na baada ya magharibi, leso tatu tu. Kisha Facebook Marketplace na vikundi vya akina mama vinavyoruhusu matangazo. TikTok huchukua muda, ila video ya kusoma majina ya leso hutembea yenyewe. Usilipie tangazo kabla ya kuuza jozi ishirini; hujui bado mteja wako ni nani.

Oda nono ni ya chama au kwaya inayotaka sare. Ishirini za toleo moja. Usitaje bei kabla ya kuhesabu dukani zimebaki ngapi, chukua rubuni inayolipia leso zote, na nunua moja ya ziada, kwa kuwa daima kuna mwanachama aliyesahaulika.

Karatasi za serikali

Jina la biashara husajiliwa kupitia eCitizen kwa ada inayokaribia shilingi 1,000. Si la siku ya kwanza, lakini chama kikitaka risiti utalihitaji, pamoja na PIN ya KRA, mamlaka ya kodi. Kodi ya mauzo ni asilimia 3 tangu Sheria ya Fedha ya 2023, nayo huanza mauzo yakizidi milioni moja kwa mwaka. Ukipanga kibanda au chumba cha duka, pitia kwanza kaunti kwa leseni. Namba za simu na vitambulisho vya wateja ni amana, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema hivyo pia. Usibandike picha ya mteja aliyevaa leso yako bila idhini yake.

Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la shilingi 50 lenye safu saba latosha: tarehe, jina la leso, duka, bei ya kununua, gharama nyingine, bei ya kuuza, mteja wa mji gani. Andika siku hiyo hiyo, hata za hasara.

Ukifika jozi thelathini, lifungue utafute majina yaliyotoka mara tatu au zaidi. Mara nyingi ni ya mama na ya shukrani, na ni mawili au matatu tu. Hayo ndiyo ununue jozi nne nne uweke nyumbani, bila kukata, kwenye sanduku kavu lenye karafuu chache dhidi ya wadudu. Mengine yote yaache dukani mpaka yaagizwe.